Kumwaga mbegu za saladi kwenye tuta moja

Dada, umeuliza kama saladi, figili na mchicha vinaweza kumwagwa pamoja bila mistari. Vinaweza, mimi hapa Ilemela ndivyo ninavyopanda. Changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na kopo la mchanga mkavu, ndipo umwage, la sivyo zinaangukia sehemu moja. Usifukie: mbegu ya saladi inapenda mwanga, na joto la udongo likizidi nyuzi 30 inagoma kuota. Kwa jua letu hili, mwaga jioni, tandaza nyasi kavu chache, nyunyizia asubuhi na jioni. Ila nyasi ziondoe miche ikichomoza tu! Niliwahi kuchelewa siku mbili, nikakuta miche myeupe, imerefuka kama uzi. Figili zitatangulia; zing'oe mapema, saladi ipate nafasi.