Kwa anayekwenda Bamberg: tiketi ya jimbo haipandi treni ya kasi ya ICE

Usipande treni ya saa moja asubuhi unayoipanga. Umeuliza kama tiketi ya siku ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, itawafikisha Bamberg Jumatano, wewe na wenzako watatu mkitokea Munich, na kama mkifika muanze na kanisa kuu au bia ya moshi. Naanza na la tiketi, kwa sababu ndilo lililoniumiza.

Siku za kazi tiketi hiyo huanza kutumika saa tatu asubuhi, na ni ya treni za mikoa, zile zenye herufi RE, RB au S. Treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC, hazimo, hata kama safari yote haitoki nje ya Bavaria.

Sisi pia tulikuwa wanne. Wakala aliyetupangia safari, na kulipwa kwa kazi hiyo, alituhakikishia kwamba treni yoyote ndani ya jimbo inaruhusiwa. Tulitoka Munich salama kwa treni ya RE, tukashuka Nuremberg kubadilisha. Hapo tukakuta treni nyeupe yenye mstari mwekundu, ubao ukionyesha Bamberg, zimebaki dakika tatu iondoke. Tulikimbia na mabegi, tukaingia, tukawa tunapongezana kwa kuwahi. Haikupita robo saa kondakta akafika. Aliisoma tiketi, akaigeuza, akayatazama majina yetu manne tuliyoyaandika kwa kalamu, kisha kimashine chake kikaanza kutoa karatasi moja baada ya nyingine: yuro 60 kwa kila mtu. Yuro 240 zilituponyoka kabla hatujauona mnara hata mmoja, na ndizo zilizokuwa pesa zetu za kulala Bamberg. Nilipompigia wakala simu, alinijibu kwamba ni wajibu wa abiria kusoma masharti. Mpaka leo jibu hilo linanikera, kwa kuwa tulimlipa yeye ili ayasome kwa niaba yetu.

Hasara haikuishia kwenye pesa, maana ilitubidi turudi Munich jioni ileile, safari ya karibu masaa matatu kwa treni za mikoa. Bamberg, mji uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993, tuliupita mbiombio. Kwenye ukumbi wa zamani wa mji, uliojengwa katikati ya mto Regnitz, kuna malaika mdogo aliyechorwa ukutani, lakini mguu wake ni wa kuchongwa na umechomoza nje ya picha. Mwenzangu alitaka kuutazama vizuri, nami nikamvuta mkono. Ndani ya kanisa kuu lenye minara minne, lililowekwa wakfu mwaka 1237, nilisimama chini ya yule mpanda farasi wa jiwe ambaye wataalamu wangali wanabishana ni nani, nikiwa natazama saa. Kaburi la Kaisari Heinrich II na mkewe Kunigunde, ambalo mchongaji Tilman Riemenschneider alilikamilisha mwaka 1513, nililiona kwa dakika chache, na la Papa Clement II, aliyefariki mwaka 1047, sikulifikia kabisa. Bia ya moshi, ambayo kimea chake hukaushwa juu ya moto wa kuni, niliinywa nikiwa nimesimama. Ilikuwa nyeusi, yenye harufu ya nyama ya kubanika, na glasi niliiacha nusu.

Kwa hiyo Jumatano tokeni Munich baada ya saa tatu, na kila mmoja aandike jina lake kwenye tiketi kabla ya kupanda. Mkishuka Nuremberg, msitazame jina la mji peke yake. Someni herufi zilizo mbele ya namba ya treni. Mkiona ICE, iacheni iondoke, hata kama milango iko wazi mbele yenu na mvua inanyesha, kisha subirini RE ya Bamberg.