Maswali ya Wasomaji: Kwa Baiskeli Katika Mabonde na Magofu ya Pemba

Swali: Assalamu alaykum, Bwana Mhariri. Nimenunua baiskeli ya gia ya mtumba yenye tairi pana, na mimi na wenzangu wawili tunakusudia kutoka Chake Chake hadi kwenye magofu ya Pujini. Wazee wanatushauri tushike barabara, lakini sisi tunataka kupita njia za ndani na kukata mabonde. Je, inafaa? Na huko Pujini kuna nini cha kuona zaidi ya mawe? (Msomaji, Chake Chake)

Jibu: Wa alaykumu salaam. Wazee wenu wamesema kweli, nanyi hamkukosea; kinachoamua ni mwezi mtakaotoka. Pemba haina mlima, lakini upande wake wa magharibi na wa kati umekatwakatwa na vijito, kwa hiyo mpanda baiskeli hupanda kilima kifupi, huteremka bondeni, huvuka maji, kisha hupanda tena, na jioni miguu humuuma ingawa siku nzima hakufika mahali pa juu pa kujisifia. Chini ya karibu kila bonde kuna majaruba ya mpunga. Njia nzuri hazipiti katikati ya majaruba hayo. Hupita kandokando yake au juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo wakulima, wanafunzi na magari ya ng'ombe wamekwisha kuishindilia ardhi. Mkiona njia iliyopitiwa na gari la ng'ombe, ifuateni, kwa sababu mwenye ng'ombe hapendi mteremko wa ghafla wala tope la kuzamisha gurudumu, na alikwisha kuwachagulieni.

Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, sahauni njia za ndani. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza, kisha hunata kati ya tairi na fremu hadi gurudumu likataa kuzunguka, na mtajikuta mnazibeba baiskeli zenu mabegani. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndio wakati wenyewe: njia zimekauka na jua halijawa kali. Vuli nayo ina mvua zake, ingawa si za kutwa nzima, hivyo anayetoka mara baada ya sala ya alfajiri mara nyingi huwahi kurudi kabla hajalowa.

Pujini iko kusini-mashariki ya Chake Chake, umbali wa kiasi cha kilomita 10. Kadiri mnavyoelekea mashariki vilima hupungua, mikarafuu nayo huanza kuwa adimu, na ardhi huwa ya mawe na vichaka. Mtakachokuta ni mabaki ya ngome ya karne ya 15 ambayo masimulizi yanamnasibisha nayo Mkama Ndume, mtawala aliyeogopwa sana kisiwani. Wazee husimulia kwamba aliwalazimisha watu wabebe mawe ya ujenzi vichwani huku wakijikokota kwa makalio. Wanasimulia pia kisima kilichotengwa kwa ukuta ili wakeze wawili, waliooneana wivu, wasikutane wakati wa kuteka maji, mmoja akishuka kwa ngazi na mwengine akitumia ndoo na kamba. Hayo ni masimulizi. Jambo linalowavuta wataalamu wa mambo ya kale ni ukuta wenyewe, kwa kuwa miji ya kale ya Waswahili kabla ya kuja Wareno haikuwa na desturi ya kujengewa ngome ya namna hii. Msiende peke yenu. Pitieni kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, au kwa mzee wa kijiji, kwani asiyeelekezwa huona kichaka na mawe tu, kama mlivyohofia. Jambo moja nalisisitiza: boma lile lina miinuko ya udongo inayomtamanisha kijana mwenye tairi pana ateremke nayo. Acheni baiskeli nje, chini ya mti, mwingie kwa miguu.

Swali: Baiskeli yangu ina gia 21, lakini kila ninapopanda vilima vya kwetu mnyororo hupiga kelele, huruka, na mara mbili umekatika. Fundi anasema ninunue mnyororo mpya. Je, tatizo ni mnyororo au ni mimi? (Msomaji, Wete)

Jibu: Inawezekana ni nyote wawili. Watu wengi waliozoea baiskeli za chuma zisizo na gia husubiri hadi kilima kimewashinda ndipo wabadilishe gia, na wakati huo wamesimama juu ya pedeli kwa uzito wao wote. Mnyororo unaovutwa kwa nguvu hiyo hauwezi kuhama kutoka jino hadi jino bila kuumia. Badilisha mapema, ungali bondeni, na unapobadilisha endelea kuzungusha miguu lakini kwa wepesi. Epuka pia kuweka gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, kwa sababu mnyororo hukaa mshazari na kulika upande.

Ama mnyororo, mwulize fundi aupime urefu kabla ya kukuuzia mwengine. Uliorefuka kwa kutumika hula meno, na meno yaliyolika yataharibu hata mnyororo mpya, kwa hiyo huenda ukalazimika kubadilisha vyote kwa pamoja. Baada ya kupita kwenye tope uoshe kwa maji matamu, uukaushe, kisha uutie mafuta mepesi. Ya cherehani yanafaa. Tafadhali usitumie mafuta ya nazi. Najua yapo jikoni na hayana gharama, lakini huganda, hushika mchanga, na mchanga huo hufanya kazi ya tupa.

Nakuongezea jambo ambalo hukuliuliza. Ukiingia njia za udongo, punguza upepo wa tairi kidogo. Kwa tairi ya inchi mbili na mtu wa uzito wa kawaida, upepo wa pauni 30 hadi 40 (PSI) unatosha. Tairi lililojaa sana hudunda juu ya mizizi na kukupotezea mshiko pale hasa unapouhitaji.

Swali: Ninaishi Dar es Salaam, ila asili yangu ni Pemba. Nataka kuja na baiskeli kwa meli, nishuke Mkoani, kusini ya kisiwa, asubuhi na nifike Ras Kigomasha, ncha yake ya kaskazini, jioni ya siku hiyo hiyo. Mnanishauri nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Tunakushauri usifanye hivyo, ndugu yetu, labda kama haja yako ni kujisifu tu. Kisiwa kina urefu wa kiasi cha kilomita 67, lakini barabara hazikunyooka, na kila kilima kinadai haki yake. Anayeweza kufika kwa siku moja atafika akiwa ameona lami na kivuli chake mwenyewe. Jipe siku tatu.

Siku ya kwanza lala Chake Chake. Siku ya pili shika barabara ya zamani ya kwenda Wete, na uende polepole, maana hapo ndipo historia ya kisiwa inapopita pembeni mwa njia bila kibao wala mlango. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kitovu cha zao hilo. Mashamba hayo yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iligawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu tatu. Kwa hiyo njia nyembamba utakazoziona zikichepuka kati ya mikarafuu ni za kwenda katika mashamba na nyumba za watu, hata kama hazina uzio. Ukikutana na mtu toa salamu kwanza, ndipo uulize njia. Ukipita Kidike waweza kuchepuka ukawaone popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa kisiwani humu, wakining'inia mitini mchana kutwa.

Siku ya tatu toka Wete uende Konde, ukipitia magofu ya Chwaka karibu na Tumbe. Masimulizi yanayataja kuwa ni mji wa Haruni, mtoto wa yule Mkama Ndume wa Pujini, na kaburi lake lipo hapo. Baada ya Konde njia inaingia msitu wa Ngezi, ambapo hewa hubadilika ghafla kwa ubaridi wa miti mikubwa, mivule ikiwemo. Ulipe kiingilio na ufuate njia uliyoelekezwa, kisha uendelee hadi ufuo wa Vumawimbi na mnara wa taa wa Kigomasha. Ukibakiwa na siku, Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, ina msikiti na makaburi ya nguzo, na wako wanahistoria wanaoihusisha na Qanbalu, mahali pa kale palipotajwa na al-Masudi, msafiri na mwandishi wa Kiarabu, katika karne ya 10. Huko, hata hivyo, baiskeli si chombo kizuri. Rasi ni nyembamba, mwisho wake ni tope na mikoko, na wengi hufika kwa mashua maji yakiwa yamejaa.

Swali: Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu hupenda kupita na baiskeli juu ya kingo za majaruba kwa sababu ni njia ya mkato. Je, kuna ubaya? (Msomaji, Micheweni)

Jibu: Upo, Maalim. Ukingo ndio unaozuia maji yasitoke jarubani. Gurudumu moja likiupasua, maji hutoka usiku na mwenye mpunga hugundua asubuhi. Wazipitishe baiskeli pembeni, au wateremke wazikokote. Wakati wa mavuno ya karafuu waambie pia kwamba majamvi yaliyoanikwa kando ya barabara hayapitiwi hata kwa ncha ya tairi.

Swali: Binti yangu ana miaka 16 na anataka kufuatana na kaka zake katika safari hizi. Sina pingamizi, ila naogopa nguo ndefu kunaswa na mnyororo. Nifanyeje? (Mama, Mkoani)

Jibu: Hofu yako ina msingi, mama, kwa sababu nguo ikishikwa na mnyororo kwenye mteremko gurudumu la nyuma husimama ghafla. Mwambie fundi afunge bati la kukinga mnyororo, na juu ya gurudumu la nyuma atie wavu au kitambaa kigumu pande zote mbili ili nguo isiingie kwenye spoki. Avae suruali pana iliyofungwa kifundoni, na juu yake gauni au dera lisilopita magoti; mtandio aupindie ndani, usining'inie mgongoni. Kabla hajaenda na kaka zake, mfundishe breki kwenye mteremko mfupi wa nyumbani: ashike ya nyuma kwanza, kisha ya mbele taratibu, na apunguze mwendo kabla ya kona badala ya ndani ya kona. Wengi wa wanaoanguka katika njia zetu huangukia hapo, kaka zake wakiwemo, na pengine ni vyema nao wakahudhuria somo hilo.