Herufi zina ukungu kwenye monita: kabla ya kununua waya

Swali: Assalaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete. Nimenunua monita ya inchi 24 iliyokwisha tumika, nipate kuchapa mitihani bila ya kukodoa macho kwenye laptopu yangu ya inchi 14. Laptopu ina tundu la HDMI, monita nimeiunga kwa VGA kupitia adapta niliyouziwa nayo. Picha inakuja, lakini herufi zina ukungu, kama nimevaa miwani ya mtu mwengine. Video naiona sawa. Nimekupigia picha ya skrini uone mwenyewe. Hapa wananiambia nibadilishe waya. Ninunue?

Jibu: Waaleikum salaam, Mwalimu. Usinunue bado.

Ile picha ya skrini imefunguka kwangu safi kabisa, wala sioni ukungu wowote. Hilo peke yake ni nusu ya jibu. Picha ya skrini huchukuliwa ndani ya laptopu, kabla hakijatoka kitu kwenye waya. Kwa hiyo programu yako ya kuchapia haina kosa, na herufi zinaharibika baada ya hapo. Ungeipiga picha monita kwa simu ningeuona ukungu wenyewe, lakini nisingeona nilichokiona: nilipotazama vipimo vya picha yako, ni pikseli, yaani vitone vya picha, 1366 kwa 768.

Monita nyingi za inchi 24 zina pikseli 1920 kwa 1080, na baadhi ya zile za zamani, zilizozidi kimo kidogo, 1920 kwa 1200. Vitone hivyo vimo ndani ya kioo tangu kiwandani, havipungui wala haviongezeki. Laptopu yako inapeleka safu ya vitone 1366, monita inatakiwa ijaze 1920. Chukua mandazi 1366 uwagawie watoto wa chuoni 1920, na kila mmoja apate sawasawa. Hapana mtoto atakayepata andazi zima, na wengi watapewa kipande cha hili na kipande cha lile. Ndivyo monita inavyofanya. Ukingo wa herufi uliokuwa mweusi na mweupe unachanganywa, unakuwa kijivu. Video haikuonesha kwa sababu sura ya mtu na majani ya mti hayana mistari myembamba kama herufi "i".

Kwa nini laptopu ipeleke 1366? Karibu nina hakika umeiweka kwenye hali ya "Duplicate", yaani vioo viwili vinaonesha kitu kimoja. Hapo vinabidi vikubaliane kipimo kimoja, na mara nyingi mkubwa ndiye anayemfuata mdogo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Extend", monita iwe meza ya pili, au "Second screen only" ukitaka kioo cha laptopu kizimike. Kwa kuchapa mitihani mimi ningechagua hii ya pili.

Kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu kwenye skrini, ufungue "Display settings". Ukiona visanduku viwili, bonyeza kwanza kile cha monita, kwa kawaida namba 2. Watu wengi hurukia kwenye vipimo moja kwa moja, wakabadilisha vya laptopu, halafu wakasema haikusaidia. Shuka kwenye resolusheni, yaani idadi ya vitone, uchague ile yenye neno "Recommended" pembeni.

Nakwambia haya kwa sababu na mimi nimeshachoma pesa ya mtu. Mteja alinijia dukani na shida kama yako, nikamuuzia waya mpya bila ya kumuuliza kitu. Akarudi siku ya pili na ukungu wake ule ule. Nilipokaa mbele ya laptopu yake, kazi ilikuwa ni kubonyeza vitufe viwili. Waya niliupokea, pesa nikamrejeshea.

Sasa tuje kwenye hiyo adapta, maana nayo siiamini sana. HDMI hupeleka hesabu kamili ya kila kitone. VGA hupeleka mawimbi ya umeme, na monita inakisia yenyewe kila kitone kinaanzia wapi. Ikikisia vibaya, herufi zinapata kivuli ubavuni. Geuza monita utazame nyuma: ikiwa ina tundu la HDMI au la DVI, achana na VGA. Kutoka HDMI kwenda DVI kunahitaji waya wa kawaida tu, picha haigeuzwi.

Ikiwa haina ila VGA, tazama pini. Huku kwetu hewa ya bahari haimuachi mtu, na monita iliyokaa stoo huota kutu ya kijani kwenye pini. Zima kila kitu, usugue taratibu kwa mswaki laini na spiriti, uache ikauke. Pini ni 15 katika safu tatu. Ukikuta moja kwenye safu ya katikati, ya pili kutoka ukingoni, haipo, usishtuke: hiyo ni namba 9, na waya nyingi hutengenezwa bila yake. Zinazotakiwa kuwa nzima ni za 12 na 15, kwani ndimo monita inamojitambulisha kwa laptopu. Zikikatika, unaweza kukuta orodha ya resolusheni inaishia 1024 kwa 768, na hiyo 1920 huioni kabisa. Hapo sasa ndipo waya au adapta inastahili kulaumiwa.

Ukiona herufi ni ndogo, usishushe resolusheni tena, utarudi ulikotoka. Kwenye ukurasa ule ule kuna "Scale", iweke 125%, kisha utoke na uingie upya kwenye akaunti yako. Lakini sidhani kama utaihitaji. Laptopu yako ina kiasi cha vitone 112 kwa kila inchi, monita ya 1920 kwa 1080 ina 92 hivi, kwa hiyo kwa 100% herufi zitakuwa kubwa kuliko ulizozizoea. Ila na vitone ni vikubwa, kaa mbali kidogo, kiasi cha urefu wa mkono.

Mwisho kabisa, ukibaki na VGA, bonyeza kitufe cha "Auto" cha monita. Fanya hivyo ukiwa umefungua ukurasa mweupe wa maandishi uliojaa skrini nzima, kwani monita inahitaji kuona kingo zote nne ndipo ijipange. Ukibonyeza huku nyuma kuna picha nyeusi, itakisia vibaya tena.