Kabla hujasema ni ya Mjerumani, soma chuma

Huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Njombe na Mbeya, bunduki yoyote kongwe ni "ya Mjerumani". Gobore la mwindaji ni la Mjerumani. Bunduki ya mlowezi aliyelima Mufindi ni ya Mjerumani. Kipande cha mtutu kilichookotwa shambani, hicho ndicho hata hakiulizwi. Nami nilisema hivyo miaka mingi, mpaka siku niliyoharibu kitu kisichorudishika.

Mjomba wangu anaishi upande wa Lupembe, Njombe. Vijana walikuwa wanachimba shimo la choo, sururu ikagonga chuma. Akanipigia simu: "Mjomba, si unapenda mambo ya kale? Njoo uone." Nilikikuta kimelazwa juu ya gunia chini ya mparachichi: mtutu na mwili wake, mbao zote zimeliwa na mchwa, komeo, kile chuma kinachofunga risasi ndani, limeganda kwa kutu. Nikaomba mafuta ya taa na msasa, nikaanza kusugua.

Kutu ilitoka kama unga wa ulezi. Chini yake zikaonekana alama, nami kwa furaha nikazidi kusugua ili zisomeke vizuri. Kumbe kila nilivyosugua nilikuwa nazifuta. Namba ilikwenda. Juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ilibaki nusu ya taji, na ubavuni neno moja: BERLIN. Mjomba akapiga makofi. "Si nilikwambia? Mjerumani huyo!" Nikakubali.

Hatukuwa sahihi, na nilichukua karibu miaka miwili kulijua hilo. Bunduki ya Mauser 98 ya jeshi la Ujerumani, komeo lake likifungwa, mkono wake hukaa nyuma ya daraja la chuma lililofunika mwili. Ile ya Lupembe daraja lake lilipasuliwa katikati, na mkono wa komeo ulikaa mbele yake. Huo ni muundo wa Mauser-Vergueiro ya mwaka 1904, bunduki ya jeshi la Ureno yenye risasi za milimita 6.5. Ilitengenezwa Berlin kwa oda ya Wareno, ndiyo maana jina la mji lipo. Na taji lile lilikuwa la mfalme wao Carlos wa Kwanza, ambalo chini yake huwa na herufi za jina lake. Herufi hizo nilizifuta kwa mkono wangu.

Silaha ya Mreno ilifikaje Njombe? Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza: tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, lilivuka Ruvuma na kuipiga kambi ya Wareno pale Ngomano, upande wa Msumbiji. Askari wake wakabeba bunduki na risasi za Wareno, kwa sababu zao wenyewe zilikuwa zinawaishia. Septemba 1918 wakarudi huku, wakapita Songea na nchi ya Ubena, huku huku Njombe, wakielekea Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Waliposalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Nikisoma hapo huwa natulia kidogo. Jeshi la Mjerumani liliweka chini bunduki za adui zake. Sasa wewe ukiokota chuma Njombe na kusema moja kwa moja "Mjerumani", umesema nini?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usisugue. Brashi laini iliyokavu inatosha, na hiyo iwe baada ya mtu mwenye ujuzi kuthibitisha kwamba chemba haina risasi. Mimi nilisugua kitu ambacho kingeweza kuwa na risasi ndani, watoto wamenizunguka. Usifanye hivyo hata kidogo. Ili kusoma alama, mulika tochi kwa pembeni, siyo juu. Kivuli kitaingia kwenye herufi na utaona usichokiona mchana. Kisha weka karatasi nyepesi, pitisha penseli kwa ubapa, alama itahamia kwenye karatasi yako.

Uanzie wapi kusoma? Lee-Enfield, bunduki ya Mwingereza, ndiyo rahisi, na ndiyo waliyoibeba askari wa keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza), babu zetu wengi. Pua yake ni butu, magazini, yaani kisanduku cha risasi, hubeba risasi 10, na komeo lake lina meno ya kufungia upande wa nyuma. Tazama upande wa kulia, kwenye bangili ya chuma pale kitako kinapoungana na mwili: taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda (Enfield, B.S.A. Co., Lithgow ya Australia, Ishapore ya India), mwaka, halafu aina. SHT. L.E. III ni ile iliyopitishwa mwaka 1907. Ukiona kinyota baada ya III, hiyo imerahisishwa wakati wa vita, kuanzia 1916, ili viwanda vitoe nyingi haraka.

Mauser ya 1871 ni kitu kingine kabisa. Mtutu mnene wa milimita 11, risasi moja moja, hakuna magazini. Ilitumia baruti nyeusi, na moshi wake ulimwonyesha adui ulipo. Hadi 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walikuwa bado nazo. Kizazi hicho cha bunduki ndicho Wahehe walichokiteka Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski alipouawa. Nenda makumbusho ya Kalenga, nenda ya Boma la Iringa, angalia silaha za zama hizo bila haraka. Jicho hujifunza kwa kuona nyingi.

Kuna pia zilizofanywa upya, na hapa wengi hupotea. Ukiona Lee-Enfield yenye magazini ya pembe nne, inaelekea ni ya Ishapore iliyotengenezwa miaka ya 1960 kwa risasi za milimita 7.62. Hata Vergueiro nyingi zilizobaki Ureno zilibadilishwa baadaye zitumie risasi za milimita 7.92. Nyingine zilikatwa mbao na walowezi zikawa za kuwindia. Mbao ni mpya, chuma ni cha zamani. Linganisha namba: kwenye Mauser 98 tarakimu za mwisho hurudiwa mpaka kwenye skrubu. Zikitofautiana, bunduki hiyo imepita mikononi mwa mafundi, na hilo nalo liandike.

Kuhusu kumiliki, sina maneno mengi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni, na ukongwe wa silaha usiufanye kisingizio. Sisi tulimwita mwenyekiti wa kijiji, naye akatupeleka polisi, tukaandikisha na kukabidhi. Mjomba alihuzunika, nami nilihuzunika. Lakini sikupoteza kitu ambacho sikuwa nimeshakipoteza kwa msasa.

Ninachokusanya leo ni daftari. Kila bunduki niliyoruhusiwa kuiona, kwenye makumbusho au kwa mzee mwenye leseni, ina ukurasa wake: chapa ya penseli, vipimo, ilipatikana wapi, nani alisema nini. Maneno ya wazee nayaandika kama walivyoyatamka, hata yakipingana na chuma. Ukurasa wa kwanza una nusu ya taji na neno BERLIN. Pale palipokuwa na namba, penseli imepita juu ya chuma laini na kuacha kijivu kitupu.