Talaka mahakamani, Tanzania Bara: pa kuanzia, na mahali kesi nyingi zinapokwama

Mleta uzi ameuliza hivi: ndoa ya kanisani ina miaka kumi, watoto wawili (miaka mitano na tisa), nyumba imeandikwa jina la mume, wametengana tangu mwaka jana. Mtendaji wa mtaa amewaandikia barua ya "kuachana kwa amani" na wote wawili wametia sahihi. Anataka kujua kama barua hiyo inatosha, mahakama ipi aende, na kama ni lazima awe na wakili. Najibu kwa urefu kwa sababu majibu mengi yaliyotangulia humu yamechanganya mambo.

Barua ya mtendaji haijavunja ndoa. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 (Sura ya 29), wanandoa wanaoishi Bara wakiwa hai wote wawili, ndoa yao inavunjwa na mahakama tu. Kikao cha ukoo hakivunji, kurudisha mahari hakuvunji, sahihi mbele ya mjumbe haivunji. Anayeoa ndoa nyingine ya Kikristo au ya serikali akiwa ameshika barua ya mtendaji bado ni mume wa mtu. Ila msiichane. Sheria inatambua makubaliano ya wanandoa kuishi mbalimbali, na barua hiyo ni ushahidi mzuri wa tarehe mliyotengana. Tarehe hiyo ina kazi yake, nitaifikia. (Wa Zanzibar, sheria hii haiwahusu. Kule Waislamu wana Mahakama ya Kadhi yenye utaratibu wake.)

Njia ziko nne, na watu wengi wanaijua moja. Mnaweza kukubaliana kwa maandishi kutengana bila kufika mahakamani. Mnaweza kuomba mahakama itoe amri ya kutengana, ambapo mali zinaweza kugawanywa na matunzo kupangwa, lakini mnabaki wanandoa na hakuna anayeruhusiwa kuolewa au kuoa kwingine kama ndoa yenu ni ya mke mmoja. Njia hii inawafaa wale ambao imani yao haitaki talaka. Kuna kubatilisha ndoa, kwa mfano kama mmoja alikuwa na ndoa nyingine isiyoruhusu ya pili, au hakuridhia kwa hiari. Halafu ndiyo talaka. Kanisa kutangaza kwamba ndoa ilikuwa batili ni jambo la kanisa. Halina nguvu serikalini, na hukumu ya mahakama nayo hailifungi kanisa. Ukitaka vyote viwili, hizo ni safari mbili.

Kabla ya talaka hesabuni pia umri wa ndoa. Ikiwa haijafika miaka miwili, unahitaji kwanza kibali cha mahakama, nacho hutolewa kwa aliyepata mateso yasiyo ya kawaida. Mleta uzi ana miaka kumi, hilo halimgusi.

Sasa tuje kwenye baraza, na hapa someni polepole. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo lipo kwenye kata, na baadhi ya jumuiya za dini nazo zina mabaraza yanayotambuliwa. Linakuwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Kama mmeshatengana, nakushauri uende baraza linaloweza kumfikia mwenzako kwa wito kirahisi, maana akija na kusikilizwa karatasi yako inakuwa na uzito. Wakili haruhusiwi kuwasemea pale. Kazi ya baraza ni kupatanisha tu. Halitoi talaka wala haligawi nyumba. Mkigawana mali barazani, huo ni mgawanyo wa kirafiki, na siku mwenzako akigeuka huna hukumu ya kumlazimisha nayo.

Karatasi unayotakiwa kutoka nayo ni hati ya baraza, Fomu Namba 3. Kesi zinafia hapa, na mara nyingi hazifi siku ya kwanza. Unakuta shauri limesikilizwa, talaka imetolewa, nyumba imegawanywa, mmoja amekata rufaa mara mbili, ndipo mahakama ya juu inauliza, "Hati ya baraza iko wapi?" Ikionekana haikidhi, kila kitu kinafutwa pamoja na mgawanyo wa mali, na mnarudi barazani mkiwa na miaka minne shingoni. Mahakama ya Rufani imeshafanya hivyo, kwa hoja kwamba shauri lililofunguliwa bila hati halali limefunguliwa kabla ya wakati wake.

Makosa yenyewe ni haya. Barua inasema "tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi" bila kutamka kwamba baraza limesikiliza pande zote mbili na limeshindwa kuwapatanisha. Hiyo ni barua ya utambulisho, si hati. Au imesainiwa na mtendaji peke yake, hakuna mwenyekiti wala wajumbe. Au upande mmoja haukuitwa kabisa. Kosa ambalo hata mawakili wanalifanya ni muda: kifungu cha 106 kinataka hati iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ukiipata Januari ukakaa nayo kabatini hadi Septemba, imekwisha nguvu, rudi ukaanze upya. Isome hapohapo barazani kabla hujaondoka. Ukiona neno "kushindwa kupatanisha" halimo, omba waandike tena.

Baraza linarukwa katika hali chache tu: mwenzako amekutelekeza na hujui aliko, anaishi nje ya nchi na si rahisi aje ndani ya miezi sita, ameitwa barazani akakaidi kwa makusudi, amefungwa maisha au kifungo kisichopungua miaka mitano, ana ugonjwa wa akili usiopona, au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Mwenye kupigwa na kutishiwa maisha asione kifungu hiki ni cha mapambo, aeleze hali yake kwa hakimu na alete fomu ya polisi ya matibabu, PF3. Na kwa aliyekaidi wito, hakikisha baraza limeandika lilimwita lini na kwa njia gani. "Hakuja" peke yake haionyeshi kwamba aliitwa.

Waislamu, mpangilio wenu una jambo la ziada. Talaka iliyotamkwa nyumbani haimalizi ndoa machoni pa sheria. Sheria inasema baraza likishathibitisha kushindwa, kisha mmoja akafanya tendo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama itatoa tuzo ya talaka (amri rasmi ya kuvunja ndoa) bila kudai ushahidi mwingine wa mfarakano. Angalieni hilo "kisha". Wengi wanatamka kwanza, wanakwenda BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) kuchukua cheti cha talaka, halafu wanafika mahakamani bila hati inayosema usuluhishi umeshindikana. Hizo ni karatasi mbili tofauti.

Mahakama ipi? Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote zina mamlaka ya kuanza kusikiliza shauri la ndoa. Kwa mleta uzi ningeenda Mahakama ya Mwanzo. Iko karibu, lugha ni Kiswahili, utaratibu ni mwepesi, na mtu anaweza kujieleza mwenyewe bila wakili. Ningepanda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kama mali ni nyingi na zimetawanyika, kuna kampuni ndani yake, au mwenzako ameweka mali kwa majina ya ndugu zake. Hilo la ndugu limewaponza wengi: kama kiwanja kimeandikwa jina la shemeji na hukumuunganisha kwenye shauri, utashinda kwenye karatasi, halafu siku ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza kwa nguvu ya mahakama, shemeji anakuja na pingamizi lake na ana haki ya kusikilizwa.

Katika maombi yako weka tarehe na mahali mlipofunga ndoa (ambatanisha cheti), majina na umri wa watoto, kesi zozote za ndoa zilizotangulia, mambo yaliyovunja ndoa pamoja na tarehe zake, mlichokubaliana kuhusu mali na matunzo au mapendekezo yako kama hamjakubaliana, na unachoomba. Omba yote kwa pamoja: talaka, mgawanyo, watoto, matunzo. Aliyeomba talaka tu ataanza safari nyingine kwa ajili ya nyumba.

Kuhusu sababu, sheria ina moja tu: ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekeza kwa makusudi, kuhama na kutengana kwa miaka isiyopungua mitatu, hivi ni vielelezo vya kuvunjika huko. Ndiyo maana nikasema tunzeni ile barua ya mtendaji. Kwa mleta uzi miaka mitatu haijatimia, kwa hiyo asiegemee kutengana peke yake. Na msidanganyane kwamba "tumekubaliana wote" inatosha. Kukubaliana kunafupisha kesi sana, ila hakimu bado lazima aridhike kwa ushahidi. Pia anayeleta maombi kwa kosa lake mwenyewe tu ("mimi ndiye mzinzi, naomba talaka") anaweza kukataliwa.

Nyumba. Jina kwenye hati si mwisho wa maneno. Kifungu cha 114 kinaangalia mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Mali ya mmoja ya kabla ya ndoa inaingia pale tu ilipoendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, mila za jamii yenu, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto, kisha inaelekea kwenye usawa. "Inaelekea" si "nusu kwa nusu". Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani, 1983, kazi za nyumbani na malezi zinahesabika kama mchango. Watu wanaitaja kesi hiyo kama ushindi wa moja kwa moja wa mke, lakini mrufani mwenyewe hakuambulia mgawo zaidi, kwa sababu fedha alizokwisha kupokea kwa mume zilihesabiwa. Kanuni ilishinda. Kiasi gani utapata kinategemea ushahidi wako.

Kwa hiyo kusanya: mkataba wa mauziano wa kiwanja, risiti za vifaa vya ujenzi, taarifa za benki na za miamala ya simu, hati za mkopo wa kikoba au SACCOS (chama cha akiba na mikopo) uliotumika kuipaua nyumba, fundi anayeweza kuja kusema nani alikuwa akimlipa. Kama hukuwa na kipato, eleza ulichofanya kwa miaka hiyo kumi: nani alisimamia ujenzi, nani alipika na kulea wakati mwingine yuko kazini. Sema mambo mahsusi. "Nilimsaidia mume wangu" haimsaidii hakimu.

Na usisubiri kesi iishe ndipo ulinde nyumba. Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kama ina hati, peleka zuio kwenye ofisi ya msajili wa hati ya eneo husika. Kama haina, peleka barua serikali ya mtaa, maana mauzo ya viwanja visivyo na hati hupitia kwa mwenyekiti, na hakikisha umebaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakati kesi inaendelea omba mahakama izuie mali isihamishwe.

Watoto wasigeuzwe mtaji wa kupatia nyumba, mahakimu wanaliona hilo haraka. Kigezo kikuu ni ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka saba, sheria inadhani ni vema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Wa miaka tisa anaweza kusikilizwa kama ana maoni yake mwenyewe. Matunzo ni wajibu wa baba hata kama watoto wako kwa mama, na kiasi kinapangwa kwa uwezo wake na mahitaji yao, kwa hiyo njoo na orodha ya mwezi: ada, nauli, chakula, matibabu, pamoja na uthibitisho wa kipato chake. Hali ikibadilika, amri ya matunzo au ya malezi inaweza kuombewa marekebisho. Kwa matunzo pekee, kabla hata ya talaka, afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anaweza kuwaita na kuwapatanisha.

Wakili si lazima. Kama huna uwezo wa kumlipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewapa nafasi watoa msaada waliosajiliwa: TAWLA, WLAC na LHRC ni baadhi yao, na wilayani kuna wasaidizi wa kisheria. Wafuate mapema, kabla ya baraza, wakusomee hati na kukuandalia maombi. Ukiwafuata siku ya hukumu, hawana cha kukusaidia zaidi ya rufaa.

Rufaa yenyewe ni ndani ya siku 45 tangu uamuzi, na inafunguliwa kwenye mahakama ileile iliyoamua: ya Mwanzo kwenda Wilaya, ya Wilaya au Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu. Kama hakuna aliyekata rufaa, chukua nakala ya hukumu na ya tuzo zenye muhuri, kisha peleka RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) talaka isajiliwe. Wengi huishia na hukumu mkononi, na huikumbuka RITA siku wanayotaka kufunga ndoa nyingine, faili limeshapelekwa masijala ya zamani na karani aliyelijua amehamishwa.