Nyuma ya mwizi yuko jirani

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mwenye kibali halali anayetaka bunduki ya kulinda nyumba yake, achague raifo au shotigani? Mimi ni mama wa familia, naishi Nzuguni, Dodoma, na nachagua shotigani. Ila mngeniuliza miaka thelathini iliyopita, katika nyumba hii hii, ningewajibu raifo, na ningekuwa sahihi.

Baba yetu alikuwa nayo. Aliiombea kibali kwa ajili ya mifugo, maana enzi hizo ukisimama zizini ulichokiona ni mibuyu, vichaka na mashamba ya uwele, na usiku fisi walilia hadi karibu na boma. Raifo inatoa risasi moja yenye kasi kubwa, na mikononi mwa anayeijua inafika ilipolengwa hata mnyama akiwa mita 100. Baba akikosa, risasi ilizama kwenye udongo wa pori. Hakuwepo mtu wa kudhurika.

Pori lenyewe sasa halipo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 hapa Dodoma mjini. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Walioongezeka wamejenga palepale risasi za baba zilipokuwa zikizama. Na risasi ya raifo ya kuwindia wanyama wakubwa, ikikosa shabaha na kupaa, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu kabla ya kuanguka. Piga hesabu ni mapaa mangapi ya bati yaliyo ndani ya kilomita tatu kutoka kwako.

Usiku mmoja wezi waliruka ukuta wetu kufuata pikipiki. Mama akapiga yowe. Kwetu yowe likipigwa watu hawajifungii ndani, wanatoka, huyu na rungu, yule na tochi ya simu. Baba akatoka na raifo, akasimama barazani, akaona mtu pembeni ya tangi la maji. Akaiweka begani. Mimi nilikuwa mlangoni nyuma yake, na mwanga wa tochi ya mtu wa nje ulipopita nikaona miguu: mmoja una ndala ya bluu, mwingine uko mtupu. Ndala ile nilikuwa nimeiona jioni dukani. Nikasema, "Baba, huyo ni kijana wa mama mwenye duka!" Alikuwa ameruka ukuta kuja kutusaidia, ndala moja ikamvuka. Wezi walishaondoka zamani. Baba alishusha mtutu, akakaa chini palepale barazani, na hakusema neno mpaka alfajiri.

Ndiyo maana swali lenu nalisikia tofauti kidogo. Kwa anayeishi mtaani, cha kwanza ni kujua risasi itaishia wapi na nani yuko upande huo. Nyuma ya mwizi kuna jirani anayekuja mbio.

Baba alipofariki tuliipeleka bunduki polisi, kwa kuwa kibali ni cha mtu, hakirithiwi kama kiwanja. Nikaomba changu chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nikianzia serikali ya mtaa. Ni mlolongo mrefu, na sioni sababu ya kuulalamikia.

Niliyoiomba ni shotigani namba 12. Namba hiyo maana yake goroli 12 za madini ya risasi, zenye upana sawa na mtutu, zinatimiza ratili moja. Kwa hiyo namba 20 ni nyembamba zaidi, na inapiga bega kwa upole zaidi. Mwenye mwili mdogo aifikirie hiyo. Mimi bega liliuma siku mbili.

Kuna uongo mmoja unaonikera: kwamba shotigani haihitaji kulenga, unaielekeza tu na marisaa, yaani zile goroli ndogo nyingi zinazotoka ndani ya risasi yake moja, yanajaa chumba. Mwalimu wangu wa shabaha aliniwekea boksi la katoni umbali wa mita tano. Risasi ile ilikuwa na marisaa tisa makubwa, na yote yalitoboa sehemu isiyozidi kisosi cha chai. Akalisogeza hadi mita 20, yakatawanyika kiasi cha sinia. Sebule yangu haifiki mita tano. Ndani ya nyumba usipolenga, umekosa, na kilichokosa kinaendelea na safari. Ukuta wa tofali la saruji la inchi sita utayazuia marisaa, lakini mlango wa mbao, dari ya jipsamu na kioo cha dirisha havizuii kitu. Watoto wangu wanalala nyuma ya mlango wa mbao. Faida ya shotigani ni kwamba marisaa yanapoteza nguvu mapema, hayaendi kilomita. Hiyo faida naitaka. Zile risasi zake nzito, zenye donge moja badala ya marisaa, sizinunui kabisa, kwa sababu zinairudisha hatari niliyoikimbia.

Sheria nayo ina mipaka. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Anayekimbia na pikipiki akiwa amekupa mgongo, mwache aende. Pikipiki itatafutwa.

Yangu inalala ndani ya sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, risasi ziko kwenye kisanduku kingine chenye kufuli, na funguo ninatembea nazo. Usiku nikisikia kishindo nakusanya watoto chumba cha nyuma, nafunga mlango, napiga 112, kisha nampigia mjumbe wetu. Sefu naifungua baada ya hayo, na sitoki nje.

Kaka yangu yuko Kongwa, ana ng'ombe, na jirani yake wa karibu yuko kama nusu kilomita ng'ambo ya korongo. Ameomba kibali cha kuichukua raifo ya baba. Aliniuliza kama nina kinyongo, nikamwambia, "Kaka, huko ndiko inakofaa." Barua ya familia nimeisaini.