Gari kongwe likitetemeka kwenye sailensi, usikimbilie duka la spea

Kama unaendesha gari lenye kilomita laki mbili na ushee hapa Arusha, hali hii unaijua: uko kwenye foleni ya Mnara wa Saa, injini iko sailensi, yaani inaunguruma bila wewe kukanyaga mafuta, usukani unacheza mkononi, ukigusa mafuta kidogo kila kitu kinatulia. Fundi wa kwanza atasema plagi. Wa pili, koili, ile inayoipa plagi umeme. Wa tatu atataja kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na hapo ndipo watu huuza gari kwa hasira.

Kwa miaka niliyokaa na gari la namna hiyo nimeshika jambo moja: kabla ya kununua chochote, jua linatetemeka lini.

Anza kwa kutenga mtetemo wa injini na mtetemo wa bodi. Injini ikishapata moto, zima aisi (kiyoyozi), weka gia N, tazama mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini. Ukitulia palepale, halafu ukitia D huku umekanyaga breki gari zima likatikisika, angalia maunti kwanza, yaani vishikizo vya mpira vinavyobeba injini. Mpira wa maunti ukishakufa, hata injini nzima kabisa hupeleka mtikisiko wake kwenye bodi. Mtu akae ndani, handibreki juu na mguu kwenye breki, abadilishe D na R. Wewe fungua boneti usimame ubavuni, usisimame mbele. Injini ikinyanyuka na kujibwaga, jibu umelipata. Kwa makorongo ya mitaa yetu, maunti hazina maisha marefu.

Mshale ukiyumba, au bomba la moshi likikohoa puf, puf, kuna silinda isiyochoma. Hapa usikisie. Kwa gari lenye koili juu ya kila plagi, injini ikiwa inaunguruma, chomoa soketi ya umeme ya koili moja. Soketi tu, ukiinua koili yenyewe utapigwa shoti. Sailensi ikishuka na mtetemo ukizidi, silinda hiyo ni nzima, rudisha soketi. Ukichomoa na injini isishtuke hata kidogo, mgonjwa ni huyo. Zima, hamishia koili yake silinda ya jirani, rudia. Ugonjwa ukihama na koili, unanunua koili moja tu badala ya nne. Ukibaki palepale, hamisha plagi, kisha ndiyo ufikirie nozeli inayopuliza petroli. Usiache soketi nje muda mrefu, maana petroli isiyoungua huenda kuharibu masega, kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi.

Na ukishang'oa koili, mulika tochi shimoni. Kwenye magari ya umri huu si ajabu kukuta oili imetuama mle, imevuja kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), na mpira wa koili umelainika. Funga koili mpya juu ya oili hiyo, utarudi dukani.

Kama mtetemo uko kwenye sailensi tu na ukikanyaga mafuta unatoweka kabisa, mimi hushuku hewa inayopenya pasipostahili. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo ufa mdogo unavuruga mchanganyiko wa hewa na petroli. Resi ikipanda, ufa uleule hausikiki. Papasa mipira yote ya vakyumu, yaani ile inayopitisha mvuto wa hewa wa injini, hasa ule mnene unaokwenda kwenye buster ya breki. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio. Sailensi ikibadilika, umeufikia ufa. Mafundi wengi hupuliza kabuleta klina, dawa ya kopo ya kusafishia. Inafanya kazi, lakini ni kitu kinachoshika moto juu ya injini ya moto, na mimi siipendi. Kazi yake halali ni kusafisha throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ambayo kwa vumbi letu inahitaji mara kwa mara. Kama ni throto ya umeme, usisukume kile kijisahani kwa kidole.

Fundi mwenye geji ya vakyumu, ya kupima huo mvuto wa hewa, mshikilie, ila mwelewane kuhusu mwinuko. Vitabu husema injini nzima isome inchi 17 hadi 22 za zebaki kwenye sailensi, lakini hizo ni namba za usawa wa bahari. Kwa kila futi 1,000 unazopanda, toa karibu inchi 1. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, yaani futi 4,600 hivi, kwa hiyo 15 hapa si ugonjwa. Gari hilohilo likishuka Moshi litasoma juu zaidi bila kuguswa. Tazama zaidi kama mshale umetulia: ukidondoka na kurudi kwa mpigo uleule, shuku valvu.

Kupima kwa mashine ni kuzuri, tatizo ni wanavyoisoma. Mashine hutoa kodi za hitilafu: P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi. Haisemi nunua koili. P0171 inasema hewa imezidi petroli, na watu huishia kubadilisha oksijeni sensa wakati mpira uliopasuka unawatazama.

Yote yakishindikana, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda ikisoma chini, mimina oili kijiko kimoja ndani yake upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni; isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Fundi akikwambia injini imekwisha, mwombe akuandikie namba za silinda zote, kabla na baada ya oili, ndipo mzungumzie bei ya injini ya mtumba.